Babu Daftari Anajibu: William yupi, mwanangu?

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba nilipokwenda Aberdeen kumwona binti yangu nilipanda basi hadi mji mdogo wa Alford kuitazama sanamu ya fahali. Mstari mmoja! Sasa meza yangu imejaa barua, na karibu zote zinanukia banda la ng'ombe. Kwa hiyo mwezi huu waniwie radhi walioniuliza habari za hati za viwanja; zamu yenu itakuja. Leo ni Scotland, na ni mkulima mmoja na watu wake.

Babu Daftari, mimi nafuga ng'ombe wa nyama karibu na Nanyuki. Nilianza kupandisha kwa mbegu za Aberdeen-Angus miaka minne iliyopita. Mtu wa mbegu aliniambia ng'ombe hawa walitengenezwa na mkulima wa Scotland aitwaye William McCombie. Nimetafuta habari zake nikachanganyikiwa: hapa ni mbunge, pale ni mhariri wa gazeti, kwingine ni bwana mwenye mashamba mawili makubwa. Ni mtu mmoja huyu? Na ukoo wake ulitoka wapi?
*Mfugaji, Nanyuki*

Si mtu mmoja. Ni watatu, wote William McCombie, wote wa ukoo mmoja, wote wa Aberdeenshire, na wote walikuwa hai wakati mmoja. Umeingia kwenye shimo ambalo kila anayechimba nasaba za Scotland hutumbukia, basi usione haya. Mimi nilikaa miaka 31 masjala Tanga, nikidhani nimeyaona yote kwa akina Mohamedi bin Mohamedi, na bado nilitumbukia.

Watu wa kule walijua namna ya kuwatenganisha. Mkulima hakuitwa kwa jina lake, aliitwa kwa jina la shamba. Ukisema "Tillyfour" mnadani, mtu mmoja tu aligeuza shingo. Huyo ndiye wako: William McCombie wa Tillyfour, aliyezaliwa 1805 akafa 1880. Mhariri ni William wa Cairnballoch, aliyezaliwa 1809, mkulima aliyeshika jembe kwa mikono yake na papo hapo akawa mhariri wa gazeti la *Aberdeen Free Press* tangu lilipoanza 1853, alifariki 1870. Wa tatu, yule bwana, ni William wa Easter Skene na Lynturk, naye akifuga ng'ombe weusi haohao, ili tu akutese wewe. Ukikutana na William McCombie asiye na jina la shamba, mwache hapo alipo hadi ulipate.

Sasa ukoo. McCombie ni jina lililochakaa kwa kutamkwa. Asili yake ni Kigaeli, MacThomaidh, yaani mwana wa Tommy. Kwa vinywa vya watu likawa McComie, McComish, McCombie, na wengine walipohamia Dundee wakalikata mkia na kichwa likabaki Thoms. Ni tawi la Mackintosh, watu wa milimani. Katika karne ya 17 mkubwa wao alikuwa John McComie, aliyeitwa McComie Mor, na *mor* kwa Kigaeli ni "mkubwa". Alikuwa na ardhi Glenisla, bonde la mkoa wa Angus. Aligombana na majirani juu ya malisho na misitu, kesi zikafuata kesi, na mwaka 1673 ugomvi wake na Farquharson wa Brochdarg ukafikia silaha karibu na mji wa Forfar. Farquharson akafa, na wana wawili wa McComie wakafa. Kilichobaki kililiwa na madeni na mawakili. Masimulizi ya ukoo yanasema mwanawe mmoja aliyesalia alivuka milima akaenda Aberdeenshire kuanza upya kama mkulima wa kawaida, na hao akina William watatu ni uzao wake.

Angalia basi: wajukuu wa mtu mkubwa wa bonde lao, sasa wanalipa kodi kwenye shamba la mtu mwingine. Huko Scotland hilo halikuwa ajabu. Mkulima wa karne ya 19, hata yule mwenye farasi kumi na vibarua wengi, mara nyingi hakuwa na ardhi yake. Alikodi kwa mkataba, na muda uliozoeleka ulikuwa miaka 19. Ukiisha, mwenye ardhi anaweza kupandisha kodi au kukuaga. Ndiyo maana ukifuatilia familia unaikuta leo shamba hili, baada ya miaka ishirini shamba lile, na mtu asiyejua hudhani ni familia mbili.

Baba yake William wa Tillyfour aliitwa Charles, na kazi yake ilikuwa kununua na kuswaga ng'ombe. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni kazi tunayoijua sisi. Ng'ombe wembamba walikusanywa kutoka kaskazini, wakaswagwa kwa miguu hadi mnada mkubwa wa Falkirk katikati ya nchi, ambako kila mwisho wa kiangazi na mwanzo wa baridi makumi ya maelfu ya ng'ombe walisimama uwandani. Wanunuzi wa Kiingereza wakawachukua kutoka pale, wakaendelea nao kusini wiki kadhaa, hadi malisho ya Norfolk, wakanenepeshwe huko kwa ajili ya London. Kwato za ng'ombe zilipigwa vyuma, kama za farasi, ili zisiishe njiani. Mswaga alilala nje, akala unga wa shayiri uliokorogwa kwa maji. Faida ya mwaka mmoja ingeweza kumezwa na mnada mmoja mbaya. Charles alifanikiwa, lakini alijua ni kamari; mwanawe akapelekwa kusoma chuo kikuu mjini Aberdeen. Kijana akakaa kidogo, akarudi kwa ng'ombe.

Na alirudi wakati kazi ya baba yake inakufa. Kwanza meli za moshi zilianza kubeba ng'ombe kutoka bandari ya Aberdeen hadi London, kisha 1850 reli ikafika mjini. Ng'ombe anayetembea wiki nne lazima awe mwembamba na mwenye miguu. Ng'ombe anayepanda treni anaweza kunenepeshwa nyumbani kwa tanipu na majani, akafika London akiwa bado na nyama yake yote. Kilichotakiwa sasa kilikuwa mnyama wa aina nyingine: mfupi, mpana, mzito nyuma. William aliliona hilo. Alichukua weusi wasio na pembe wa kwao, waliodharauliwa kama ng'ombe wa wakulima wadogo, akawajenga kuwa ng'ombe wa nyama.

Hakuwa wa kwanza, na mtu wako wa mbegu umwambie hivyo. Hugh Watson wa Keillor, kule Angus, alianza tangu 1808 akiwa kijana wa miaka 19, kwa ng'ombe sita na fahali alivyopewa na baba yake. Watson alikuwa na jike aliyeitwa Old Grannie, bibi kizee kweli: aliishi miaka 35, akazaa ndama 29, na 1859 akauawa na radi. Lakini mtu aliyewatoa ng'ombe hawa kijijini akawaingiza kwenye midomo ya watu ni wa Tillyfour. Mwaka 1844 alinunua mtamba aliyeitwa Queen Mother, na kwa huyo ukatoka ukoo mzima. Mwaka 1867 maksai wake Black Prince alishinda maonyesho ya ng'ombe ya Birmingham na Smithfield, akapelekwa Windsor Malkia Victoria akamwone. Baadaye Malkia mwenyewe alifika Tillyfour. Mwaka 1868 wakulima wa Aberdeenshire Magharibi wakamtuma William bungeni, mpangaji wa kwanza wa shamba kutoka Scotland kuketi humo, akakaa hadi 1876. Shamba alilolikodi miaka yote alilinunua 1875, akiwa na miaka 70. Mwaka 1878 kundi lake likashinda maonyesho ya Paris, na mwanzoni mwa 1880 akafa.

Nimesahau jambo moja ambalo wewe na mimi tunalijua kwa machungu ya babu zetu. Mwaka 1865 sotoka, ile tauni ya ng'ombe, iliingia Uingereza kwa meli ya ng'ombe kutoka Baltiki. Ilipogusa Aberdeenshire, McCombie na wenzake hawakungoja serikali. Walijichanga, wenye ardhi na wapangaji, wakachinja kila kundi lililoguswa na kumlipa mwenyewe fidia kutoka kwenye mchango huo, na mkoa ukapona. Miaka kama 25 baadaye sotoka hiyohiyo iliwakuta Wamaasai na wafugaji wengine wa kwetu, nao hawakuwa na wa kuwafidia.

Na ukitaka kuuliza habari za watoto wake, jibu ni rahisi. Hakuoa. Mtu aliyejua mama wa kila ndama zizini mwake hakuacha mtoto. Daftari la nasaba la ng'ombe hao lilitoka 1862, na hata hilo lilizaliwa kwa shida: kumbukumbu zilizokusanywa mwanzo ziliungua moto Edinburgh mwaka 1851, ikabidi zikusanywe upya. Na jambo linalonifurahisha mimi karani ni kwamba koo za ng'ombe hao zinahesabiwa kwa mama. Erica, Queen Mother, Pride of Aberdeen: hayo ni majina ya majike. Wanaume wa Scotland waliopitisha mashamba yao kwa wana wa kiume, kwenye zizi walikuwa wafuasi wa mama.

Shikamoo Babu. Mimi ni wa Moshi, nimeolewa Glasgow. Mama mkwe amenikabidhi Biblia ya zamani ya upande wa mume wangu, yenye majina ya watoto tangu 1849 na jina la shamba moja Aberdeenshire. Tulikwenda kwenye makaburi ya huko. Jiwe linasema mkulima yule na "mkewe", lakini mke ana jina jingine kabisa la ukoo. Isitoshe, mtoto mmoja kwenye Biblia hayumo kwenye jiwe. Mume wangu amenyamaza, nahisi anaona haya. Je, hawa hawakuoana? Na nianzie wapi?
*Mama Neema, Glasgow*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mumeo anywe chai yake kwa amani. Mwanamke wa Scotland alipoolewa hakupoteza jina la baba yake. Kanisani, mahakamani na kaburini aliandikwa kwa jina lake la kuzaliwa, na baada yake "mke wa fulani". Kama ilivyo kwetu pwani: Bi Zuhura binti Athumani anakufa Bi Zuhura binti Athumani hata akiolewa mara nne. Kwa mtafuta nasaba hii ni rehema. Uingereza upande wa kusini mke akiolewa anatoweka ndani ya jina la mume. Scotland unamshika mkono hadi kwa mama yake.

Anza na vifo, si na uzazi. Uandikishaji wa serikali ulianza Scotland tarehe 1 Januari 1855, na cheti cha kifo cha kule kinataja baba wa marehemu na mama wa marehemu pamoja na jina la mama la kuzaliwa. Maana yake mtu aliyekufa 1860 akiwa na miaka 80 anakurudisha kwa wazazi walioishi karne ya 18, kwa karatasi moja. Na ukikuta mtu wenu yeyote aliandikishwa mwaka wa 1855 wenyewe, hata kama ni mtoto wa shangazi, chukua cheti hicho. Mwaka ule wa kwanza makarani walipewa fomu yenye maswali mengi mno: umri wa wazazi, walikozaliwa, ndugu wangapi wako hai na wangapi wamekufa. Makarani walilalamika, na mwaka uliofuata fomu ikapunguzwa. Nawaelewa. Lakini karatasi za 1855 ni hazina.

Kisha sensa, kila miaka kumi tangu 1841. Usiamini umri wa 1841: waliozidi miaka 15 mara nyingi waliteremshwa hadi tano ya karibu, hivyo mtu wa miaka 39 anaonekana wa 35. Sensa ya 1851 ndiyo nzuri kwa mkulima, kwa kuwa alitakiwa aseme ana ekari ngapi na ameajiri watu wangapi. Ukiikuta "mkulima wa ekari 12" na "mkulima wa ekari 300" ujue hao ni watu wawili wa maisha tofauti, japo neno ni moja. Tangu 1855 kuna pia vitabu vya makadirio ya kodi, vinavyoandika kila mwaka nani mwenye ardhi, nani mpangaji, na kodi kiasi gani. Hapo ndipo utaona mwaka familia ilipohama. Vingi vya hivi vinapatikana kwenye tovuti ya serikali ya ScotlandsPeople, au ukiwa na nauli nenda mwenyewe General Register House, Edinburgh, mwisho wa Princes Street. Mimi ningekwenda. Kuna harufu ya vitabu.

Majina ya watoto katika Biblia yapange kwa mfuatano wa kuzaliwa. Desturi ilikuwa mwana wa kwanza amrithi babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa tatu baba mwenyewe. Binti wa kwanza ni somo wa bibi mzaa mama, wa pili wa bibi mzaa baba, wa tatu wa mama yake. Mfugaji wetu wa Nanyuki, kama ni Mkikuyu, anacheka sasa hivi, kwa kuwa kwao wana wawili wa kwanza hufuata njia hiyohiyo. Tofauti iko kwa mwana wa tatu na kwa mabinti. Desturi si sheria, mtoto akifa jina lake hupewa anayefuata, na mchungaji anayependwa au mwenye ardhi aliyetakiwa kubembelezwa naye hupewa somo. Lakini ukikosa jina la babu, huko ndiko pa kulikisia kabla ya kulitafuta.

Sasa huyo mtoto asiye kwenye jiwe. Inawezekana alikufa mdogo, akazikwa bila kuandikwa. Inawezekana alihamia Kanada au Australia, na mawe mengi husahau waliovuka bahari. Lakini kwa sababu umesema mumeo amenyamaza, nakuambia na la tatu: kaskazini mashariki mwa Scotland watoto wa nje ya ndoa walikuwa wengi kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Vijana wa kazi za shamba waliajiriwa kwa miezi sita sita, wakahama shamba kwa shamba, wakalala katika vibanda vya wanaume pembeni mwa zizi, na ndoa ilingoja nyumba ambayo haikuwapo. Mtoto wa binti alilelewa na bibi yake, akaandikwa kwenye Biblia kama mwana wa mwisho. Kama ni hivyo, halmashauri ya kanisa la parokia ilimwita mama na kumuuliza baba ni nani, na karani akaandika jibu. Vitabu hivyo vimo pia kwenye ScotlandsPeople. Vina ukali, lakini vina majina.

Na kwa kuwa nimegusa ajira: kijana akishakubaliana na mkulima mnadani, alipewa shilingi ya kumfunga, na waliiita *arles*. Neno hilo limepita Kilatini na Kigiriki hadi lugha za Kisemiti, na huko ndiko linakokutana na arubuni yetu tuliyoipata kwa Waarabu. Mkulima wa Aberdeenshire na fundi wa jahazi wa Pangani wameshika neno moja, kila mmoja kwa mkia wake.

Assalaam aleykum Babu. Mkulima wa Scotland akifa, nani alirithi? Nasikia kila kitu alichukua mwana mkubwa. Ni kweli, na wajane walikuwa wakitupwa nje?
*Msomaji, Unguja*

Waaleykum salaam. Nusu ni kweli. Sheria ya Scotland iligawa mali mafungu mawili. Ardhi na nyumba, kama mtu alikuwa nazo, zilikwenda kwa mwana mkubwa wa kiume, na utaratibu huo uliondolewa 1964 tu. Lakini vitu vinavyohamishika, yaani ng'ombe, mazao, plau, fedha, viliwekwa kando. Baada ya madeni kulipwa, kama ameacha mke na watoto, theluthi moja ni ya mjane, theluthi moja ni ya watoto wote kwa usawa, wa kike kama wa kiume, na theluthi iliyobaki waliita fungu la maiti: hiyo tu ndiyo aliyoweza kuiusia apendavyo. Hakuweza kumnyima mkewe kwa wasia.

Najua umeshaona. Wasia usiozidi theluthi, madeni kwanza, mjane ana haki yake. Si sheria moja na ya kwetu, mafungu yake ni mengine na asili yake ni nyingine, lakini sheikh wa Malindi angeisoma bila kukunja uso.

Sasa kumbuka nilichosema juu: mkulima wa kawaida alikuwa mpangaji, hana ardhi. Mali yake karibu yote ilikuwa inatembea kwa miguu minne au imesimama shambani. Kwa hiyo ndani ya familia ya mpangaji mabinti walipata zaidi kuliko mabinti wa mabwana wakubwa. Tatizo lilikuwa mkataba wa shamba, ambao haugawanyiki. Aliyeuchukua alibaki na deni la kuwalipa ndugu zake mafungu yao. Na hadi 1880 mwenye ardhi alikuwa na haki ya kushika ng'ombe na mazao ya mpangaji kwa kodi, kabla ya wadai wengine. Ukisoma orodha ya mali ya mkulima aliyekufa, inayoorodhesha mpaka ndoo za maziwa, usiishie kwenye jumla. Angalia mstari wa kodi ya nusu mwaka. Mara nyingi ndio uliowala yatima.

Babu, tuna machifu wetu, tuna koo zetu, watoto wetu hawajui jina la babu wa babu. Wewe unatuletea nasaba za Wazungu na ng'ombe wao. Kwa nini?
*Mwalimu, Mbeya*

Kwa sababu nimeulizwa, mwalimu. Na kwa sababu hao Wazungu unaowataja nao walikuwa wakihesabu kwa mdomo kama babu zako. Livingstone unamjua, yule wa Ujiji. Babu yake alikuwa mkulima mdogo kisiwani Ulva, magharibi mwa Scotland. Baadaye akaacha kisiwa, akaenda na familia kutafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba cha Blantyre karibu na Glasgow. Mzee huyo aliweza kusimulia maisha ya vizazi sita vilivyomtangulia bila kushika karatasi. Mjukuu wake, msomi na daktari, aliandika kwamba babu aliweza. Hakuandika kwamba yeye anaweza. Wewe una wanafunzi arobaini darasani. Wape daftari Ijumaa, kila mmoja amuulize bibi yake jina la mama wa bibi. Ukinitumia majibu nitayapa ukurasa mzima, na sitataja ng'ombe hata mmoja.

Babu, ni mimi tena wa Nanyuki. Kabla hujachapa: ndama wa mwisho, dume, mama yake ni Boran, ameanza kuota pembe. Angus hana pembe. Nimepigwa?
*Mfugaji yuleyule*

Umeniandikia mara mbili katika mwezi mmoja, kwa hiyo nitajibu kwa ufupi. Mshike kichwa. Sukuma hicho kipembe kwa kidole gumba. Kikicheza, kimeshikwa na ngozi tu, hakikushikamana na fuvu, hilo hutokea kwa ndama chotara wa Angus na ng'ombe wa nundu kama Boran, hasa madume, na hakuna aliyekuibia. Kikiwa imara kama msumari, wasiwasi wako una miguu, ingawa kwa dume aliyezaliwa na Boran bado nisingemkamata mtu shati.

Kisha nenda kwenye pipa la taka la banda lako. Kila mrija wa mbegu umechapwa jina la fahali na namba yake. Kama uliutupa, mtu wa mbegu anatakiwa awe ameandika namba hiyo kwenye kadi ya jike siku aliyompandisha. Muombe kadi, mbele ya mtu mwingine. Ukipata namba niletee, tutamtafuta baba yake, na mama wa baba yake, turudi nyuma mpaka wapi watatufikisha. Kama hana kadi, mwanangu, tafuta mtu mwingine wa mbegu.